Oxford kwa siku moja, na Babu aliyeshika pondo

Naandika haya wiki mbili baada ya kurudi. Nategemea picha za simu, risiti nilizozikuta chini ya mkoba, na kijidaftari cha binti yangu wa miaka 9 ambaye aliandika kila alichokula na karibu hakuna kingine. Tulikuwa watano: mimi, baba watoto, mwanangu wa kiume wa miaka 12, binti huyo, na baba yangu mzazi, ambaye humu nitamwita Babu kama wanavyomwita watoto. Babu ni mvuvi mstaafu wa Kizimkazi, Unguja, na alikuwa kwetu London kwa miezi miwili. Saa zote nilizoandika ni za Kiswahili, na jambo hilo nalo lina kisa chake mwishoni.

Ijumaa usiku, jikoni

Safari ilikuwa ya mwanangu. Mwalimu wake aliwaambia kwamba Oxford ni ya kila mtu, naye akataka kwenda kuhakikisha. Nikakanda chapati 14, nikakaanga kuku, nikachemsha mayai, nikajaza chupa mbili za chai. Babu akachungulia mlangoni: "Mnakwenda siku moja au mnahama?"

Ilipofika saa 8 mchana kesho yake, hakuna aliyecheka tena chapati zangu. Bei za chakula katikati ya mji ule zinakata hamu.

Jumamosi, 8 Juni, saa 12:15 asubuhi: Barking hadi Victoria

Treni ya chini kwa chini ya mstari wa District inakwenda moja kwa moja, hakuna kubadili, na asubuhi ya Jumamosi kila mtu alipata kiti. Sina zaidi la kusema kuhusu kipande hiki.

Victoria tukapanda kochi la kwenda Oxford. Treni kutoka Paddington ni ya haraka, kama saa moja hivi, lakini bei niliyoiona siku ile kwa watu watano ilinifanya nifunge simu. Kochi huchukua saa moja na dakika arubaini njia ikiwa nyeupe.

Saa 2:50 asubuhi: M40, tumesimama

Njia haikuwa nyeupe. Ujenzi ulikuwa umeziba upande mmoja wa barabara kuu na tukakaa palepale dakika hamsini. Binti aliandika: "Yai la kwanza. Yai la pili." Babu yeye alikuwa dirishani anatazama juu. Palikuwa na mwewe wakubwa wekundu, mkia panda, wanazunguka juu ya gari bila kupiga bawa. Abiria wa kiti cha mbele, bibi mmoja mzee wa Kiingereza, aligeuka akatueleza kwamba ndege hao walikuwa wamekwisha kabisa England, wakaletwa upya kwenye vilima hivi vya Chilterns kuanzia mwaka 1989, na sasa wamejaa mpaka wanapora sandwichi za watu. Kisha akampa binti yangu peremende mbili, akaniomba ruhusa kwanza kwa macho. Mambo madogo kama haya ndiyo ninayoyakumbuka kuliko kuba zote nilizoziona baadaye.

Kwa wenye gari: usijaribu kuingia nalo katikati ya mji. Barabara ni finyu, maegesho ni ghali, na kamera za faini hazina huruma. Kuna maegesho makubwa pembezoni, kama Thornhill na Redbridge, unaliacha gari huko unapanda basi.

Saa 4:40 asubuhi: High Street

Kochi linaingia mjini kwa daraja la Magdalen, kisha unaibuka kwenye High Street, barabara iliyojipinda kidogo kiasi kwamba majengo yanajitokeza moja baada ya jingine. Tukashuka. Swali la kwanza la Babu lilikuwa: "Chuo chenyewe kiko wapi?"

Ni swali la haki, na wengi hulirudia pale barabarani. Hakuna geti moja la Chuo Kikuu cha Oxford. Kuna vyuo zaidi ya 30, kila kimoja na ukumbi wake wa chakula na mlinzi wake mlangoni, vingi pia na ua na kanisa lake, na vyote kwa pamoja ndiyo chuo kikuu. Mji na chuo vimesukana kama ukili.

Vingi vilikuwa na kibao mlangoni: hakuna wageni, mitihani. Hilo sikulijua. Juni ni msimu wa mitihani, na hata siku za kawaida vyuo vingi hufungulia wageni mchana tu, tena kwa kiingilio. Angalia tovuti ya chuo unachokitaka kabla ya kuondoka nyumbani.

Faida yake ni kwamba tuliwaona wanafunzi wamevaa majoho meusi, kila mmoja na ua kifuani. Mwanangu akaona haya, mimi sikuona. Nikamsimamisha msichana mmoja mwenye ua jekundu nikamuuliza. Akasema ua jeupe ni la mtihani wa kwanza, la rangi ya waridi ni la mitihani ya katikati, na jekundu ni la mtihani wa mwisho. "Kwa hiyo leo unamaliza?" mwanangu akauliza, haya zimemtoka. "Bado muda wa saa tatu, niombee dua," akajibu, akacheka, akakimbia. Babu akamwombea palepale, viganja juu.

Saa 5 asubuhi: uwanja wa Radcliffe

Hapa ndipo penye picha ambayo kila mtu anaijua: jengo la duara lenye kuba, Radcliffe Camera, lililomalizwa mwaka 1749 kwa fedha alizousia daktari John Radcliffe. Binti alitafuta kamera. Kumbe neno hilo kwa Kilatini ni chumba tu. Ndani ni maktaba ya kusomea, mtalii hupiti hivi hivi.

Baba watoto na watoto wakapanda mnara wa kanisa la St Mary, ngazi 127 za kujizungusha, nyembamba mno, wanaoshuka na wanaopanda wanapishana kwa kukumbatiana na ukuta. Tulilipa chini ya pauni 20 kwa watatu. Wakasema inastahili. Mwenye magoti mabovu au hofu ya kimo abaki chini kama tulivyobaki mimi na Babu, kwenye kibaraza, na chai.

Nikamsomea Babu kutoka kwenye simu: kufundisha kulikuwako hapa tangu mwaka 1096, kukapamba moto baada ya 1167, mfalme Henry II alipowazuia Waingereza wasiende kusoma Paris. Nilitarajia ashangae. Akahesabu kimoyomoyo.

"Msikiti wa Kizimkazi umeandikwa mwaka mia tano Hijria. Kwa Kizungu ngapi?"

"1107, Baba."

"Basi ni rika," akasema, akanywa chai yake. Kuanzia hapo alitembea Oxford kama mtu aliyekwenda kumtazama mwenzake wa jando.

Nyuma ya kuba kuna Bodleian, maktaba iliyofunguliwa mwaka 1602. Haiazimishi vitabu. Mfalme Charles I alipoomba kimoja mwaka 1645 alikataliwa, na mpaka leo msomaji anayejiunga hutamka kiapo kwamba hatawasha moto humo ndani. Mwanangu, ambaye ana deni la vitabu viwili kwenye maktaba ya mtaa wetu, aliipenda habari ya mfalme kupita kiasi.

Pale karibu kuna New College, yaani Chuo Kipya. Kilianzishwa mwaka 1379. Babu aliniambia nimsomee mara mbili.

Saa 6 kasoro: sokoni na Carfax

Covered Market ni soko la ndani lililofunguliwa mwaka 1774: wauza nyama, wauza maua, watengeneza keki wanaofanya kazi nyuma ya kioo. Watoto waliganda kwenye kioo hicho robo saa. Tukanunua biskuti kubwa za moto, tano, kisha Babu akasema yake ina sukari nyingi, akaila yote.

Njia panda ya Carfax kuna mnara mwingine, na upande wa pili ukutani kuna kibao cha kuonyesha palipokuwa na kilabu cha pombe cha Swindlestock. Tarehe 10 Februari 1355 wanafunzi wawili walilalamika kwamba mvinyo ni mbaya, maneno yakazidi, mvinyo ukamwagwa usoni kwa mwenye kilabu, na mji mzima ukaingia vitani na chuo siku tatu. Wanafunzi 63 waliuawa, na watu wa mji kama 30. Chuo ndicho kilichopewa haki na mfalme, kwa hiyo kila mwaka meya na wenzake walilazimika kwenda kanisani kulipa peni 63, moja kwa kila roho, na haikukoma mpaka 1825.

"Miaka mia nne na sabini," mwanangu akatoa hesabu.

"Kwa ajili ya pombe," Babu akamalizia, na mkutano ukafungwa.

Broad Street tulipita tu: kuna msalaba wa mawe uliolazwa katikati ya barabara, walipochomwa moto maaskofu Latimer na Ridley mwaka 1555 na Cranmer mwaka uliofuata. Baiskeli zinapita juu yake.

Saa 6:40 mchana: mabaki ya dodo

Makumbusho ya elimu viumbe ni bure, na ndiyo maana familia zote zenye chapati mkobani hukutana huko. Paa ni la vioo na chuma, mifupa ya dinosaria imesimama katikati, na pembeni kuna dodo, ndege wa Mauritius asiyeruka, aliyemalizwa na mabaharia na wanyama waliokuja nao. Kichwa kilichopo hapa kina ngozi, na ngozi ya dodo haijabaki mahali pengine popote. Binti aliacha kuandika habari za chakula kwa mara ya kwanza. Aliandika: "Kisiwa kama chetu."

Mlango wa nyuma unakuingiza Pitt Rivers, nako bure. Kuna giza la makusudi, makabati yamebanana, vitu zaidi ya nusu milioni kutoka dunia nzima. Havikupangwa kwa nchi, vimepangwa kwa kazi: ngoma zote pamoja, taa zote pamoja, vyombo vya majini vinaning'inia darini. Nguzo ya kuchonga ya Wahaida wa Canada inazidi mita 11. Babu alisimama chini ya mtumbwi wenye mrengu shingo imemkatika, akatuonyesha mafundo ambayo yeye angeyafunga vingine.

Nilimweleza pia kwamba ujumbe wa Wamaasai kutoka Kenya na Tanzania ulifika hapa, ukatambua vitu vitano ambavyo kwa mila havikupaswa kutoka mikononi mwa wenyewe, vingine ni vya kurithi mwana kutoka kwa baba. Akauliza vilifikaje. Nikasema hilo ndilo swali waliloliuliza. Hatukukaa sana baada ya hapo.

Saa 8:30 mchana: Cowley Road

Tukapanda basi kuvuka daraja la Magdalen (namba 1 na 5 zote zinapita Cowley Road). Upande huu ndiko wanakoishi watu: maduka ya viungo, vinyozi, wauza nyama ya halali, biriani yenye harufu ya biriani. Kwenye kijia kinachoitwa Manzil Way kuna msikiti mkubwa. Tukakusanya Adhuhuri na Alasiri. Bwana mmoja mwenye asili ya Pakistan alipoona Babu anatafuta kiti cha kuswalia, alimletea kabla hatujaomba. Kisha akamshika mkono hadi nje, wanazungumza, huyu Kiingereza na huyu Kiswahili, wameelewana vizuri kabisa.

Wasafiri Waislamu, wekeni mchana wenu huku. Chakula ni nafuu kuliko katikati, na vyoo vipo. Sisi tulinunua biriani sahani mbili tu, tukajazia na kuku wetu kwenye benchi.

Saa 10:30 jioni: mto Cherwell

Chini ya daraja la Magdalen wanakodisha vyombo vinavyoitwa *punt*. Ni chombo kirefu, chembamba, chini bapa, hakina mkuku, omo na tezi vimekatwa mraba. Saa moja ilikuwa pauni 30 na ushee, watu watano mwisho, na unaacha dhamana. Fikeni asubuhi au jioni, maana mchana wa Jumamosi foleni inapanda ngazi hadi barabarani.

Kijana wa pale alitueleza kwa dakika kumi namna ya kusimama na kusukuma. Babu akaninong'oneza, "Anasemaje?"

"Anafundisha kupiga pondo, Baba."

Sijawahi kuona uso ukibadilika vile. Alikuwa ameitazama ile fimbo ndefu, mita kama tano, akidhani ni ya kufungia maturubai.

Lakini baba watoto, mtu wa Morogoro, alikuwa ameshasimama nyuma na kuivua koti. Tukaacha. Tulikwenda ukingo wa kushoto, ukingo wa kulia, tukaingia matawini, tukagonga chombo cha watalii wa Kijapani walioinamisha vichwa kutuomba radhi wao. Kisha pondo ikanasa topeni. Chombo kikaendelea, pondo haikuendelea, na mume wangu akawa katikati, amenyooka kama kamba ya kuanikia. Kwa bahati aliiachia. Tukarudi kuifuata kwa kijikafi cha akiba, mwanangu anapiga kafi, binti anacheka mpaka kwikwi.

"Enda tezi na omo, marejeo ngamani," Babu akasema kwa upole. "Kaa chini, mwanangu."

Akavua viatu, akakunja suruali, akasimama tezini. Aliiachia pondo ishuke yenyewe mkononi mpaka iguse chini, akasikiliza. "Tope. Hakuna jiwe." Akasukuma mara moja, ndefu, halafu akaizungusha kidogo kabla ya kuing'oa, ikatoka bila kelele, akaiburura nyuma kama usukani. Chombo kikanyooka. Tukapita kando ya Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1621, kimya, maji yanasikika chini ya mbao. Mwaka wa nane huu tangu aache bahari.

Kwenye kona tawi la mti likamvua kofia yake ya viua ikaanguka majini. Nyuma yetu walikuwepo vijana watano, wanafunzi, wanaokwenda kombokombo na chupa zao, na ndio walioiokota. Wakaikamua kwa adabu, wakaikabidhi kwa mikono miwili. Mmoja akauliza mzee amejifunza wapi. Nikatafsiri.

"Waambie baharini. Huko hakuna ukingo wa kugonga."

Wakaomba awaonyeshe. Kwa hiyo kwa robo saa Babu aliwafundisha wanafunzi wa Oxford, mimi mkalimani, na somo kubwa lilikuwa wasiishike pondo kama bakora. Mwanangu alikaa ameshika ubao wa pembeni, hakupiga picha hata moja. Tulirudi tumechelewa dakika ishirini. Kijana wa kukodisha alitazama saa, akamtazama Babu, hakutoza ziada.

Saa 1 jioni hadi saa 3:05 usiku: kengele

Christ Church, chuo alichokianzisha Kadinali Wolsey mwaka 1525, kiingilio chake ni cha kukata tiketi mapema na kilituzidi, maana familia nyingi huja kuona ngazi na ukumbi unaohusishwa na filamu za kijana mchawi. Viwanja vyake vya nyasi kando ya mto ni bure. Tukala chapati za mwisho tukiwatazama ng'ombe wenye pembe ndefu.

Tulibaki kwa ajili ya kengele. Juu ya lango kuna Tom Tower, mnara wa Christopher Wren, na ndani yake kengele ya zaidi ya tani sita. Kila usiku saa 3 na dakika 5 inapigwa mara 101, moja kwa kila mwanafunzi wa zamani: mia wa mwanzo, na mmoja aliyeongezwa baadaye. Hizo dakika tano zina sababu. Kabla ya reli kila mji ulifuata jua lake, na Oxford, kwa kuwa magharibi ya Greenwich, ilikuwa nyuma dakika tano. Nchi ikabadilika, kengele ikakataa.

"Kwa hiyo na wao wana saa zao za kienyeji," Babu akasema. Akatazama mbinguni. "Lakini saa tatu usiku na jua hili? Hapo wamezidi."

Kweli jua lilikuwa bado kwenye ncha za majengo. Watoto wakakubaliana kuhesabu kila mtu kivyake, atakayepatia ananunuliwa aiskrimu Victoria. Babu akasimama ukutani, mkono mfukoni.

Ilipokoma, mwanangu alisema 100. Binti alisema 104, akaapa. Baba watoto alikuwa amesinzia wima. Babu akatoa mkono mfukoni na tasbihi yake ya punje 99, kidole kimeshika ya pili.

"Mzunguko mmoja na mbili," akasema. "Nataka ya embe."

Kochi la saa 4 usiku halikukwama popote. Victoria duka la aiskrimu lilikuwa limefungwa.